Ekipe moja ao mbili? Maneno juu ya basketi na rangi ya ngozi

(Maneno yaliyosemwa na komite ya vijana na michezo katika mkutano mkuu wa shirika letu, kabla ya kura. Tumeyaacha karibu vile yalivyosemwa.)

 Ninyi wandugu mtakaosoma maneno haya mkiwa Lexington, Louisville, Kigoma ao kwingine, tunasema nanyi pia. Mipira kumi na miwili mliyotuma ilifika salama, na pompa yake. Aksanti sana.

Lakini tuwaambie ukweli: tangu mipira ifike, tumegombana.

Mnajua maneno yenyewe. Vijana wetu waliorudi kutoka kambini wanaitwa "Watanzania" kwenye tereni. Mmoja alipokosa mpira, mtu akamupigia kelele: "Rudi Nyarugusu!" Wetu nao hawakunyamaza, wakawajibu wale waliobaki huku wakati wa vita kwamba wao ni watu wa pori, hawajui hata kudunda mpira. Basi wazazi wengine wakaleta pendekezo: mipira ni ya shirika, shirika ni la waliorudi, tuunde ekipe ya waliorudi peke yao, na wengine watafute mipira yao. Pendekezo hilo si la watu wabaya. Ni la wazazi waliochoka kuona mtoto akirudi nyumbani na machozi.

Komite iliombwa kusema neno. Tumechagua kusema juu ya basketi yenyewe, huko ilikozaliwa, Marekani. Mtatuuliza: habari ya weusi na weupe inatuhusu nini, na sisi wote hapa ni weusi? Inatuhusu kwa sababu swali letu la leo, ekipe moja ao mbili, ule mchezo ulishapambana nalo miaka mingi kabla hatujaonja kambi. Na sehemu kubwa ya hadithi hiyo ilitokea kule kule Lexington, jimbo la Kentucky, ambako leo wandugu zetu wengi wanaishi na Kiswahili kinasikika makanisani.

Basketi ilianzishwa mwaka 1891, mji wa Springfield, na mwalimu aitwaye James Naismith. Aliandika sheria 13. Hakuna hata moja inayotaja rangi ya mtu. Rangi ililetwa na watu wenye kumiliki majumba ya kuchezea, hoteli, treni na vyuo.

Weusi walipofungiwa mlango, walijenga nyumba yao. Mwaka 1923, New York, mwanaume mmoja aitwaye Bob Douglas, mhamiaji aliyezaliwa kisiwa cha Saint Kitts, alianzisha ekipe ya weusi watupu, New York Renaissance. Watu waliikata jina wakaiita Rens. Walichezea ndani ya jumba la dansi: mchezo, muziki, kiisha mchezo tena. Walizunguka Amerika kwa basi lao, na katika miji mingi hawakupata hoteli wala mahali pa kula, hata kama watu wa mji ule ule walilipa tiketi kuwatazama. Katika msimu wa 1932-33 walishinda michezo 88 mfululizo. Mwaka 1939, Chicago, wakachukua kombe la mashindano ya wachezaji wa kulipwa yaliyoitwa ya dunia, mbele ya ekipe za wazungu.

Tunawataja kwanza kwa sababu wale wanaotaka ekipe ya peke yetu wanayo haki ya kuwataja. Ekipe ya peke yao ilikuwa heshima kwa Rens, na ilikuwa chakula. Lakini Bob Douglas hakumfungia mtu mlango. Yeye njo alifungiwa. Sisi hapa funguo ya sanduku la mipira tunayo mfukoni, na swali ni kama tutafunga.

Mwaka 1950 ile ligi kubwa, NBA, ilipokea weusi wa kwanza: Chuck Cooper, Nat Clifton na Earl Lloyd. Lloyd njo aliyeingia tereni wa kwanza, tarehe 31 Oktoba. Watu wanapenda kusimulia mpaka hapo kama vile mambo yaliisha. Apana. Kulikuwa na hesabu isiyoandikwa popote: weusi wachache tu kwa kila ekipe, wasizidi, watazamaji wasije wakakasirika. Ilipita miaka kumi na minne, mpaka tarehe 26 Desemba 1964, ndipo ekipe ya NBA, Boston Celtics, ilianza mchezo na weusi watano.

Kati ya wale watano alikuwa Bill Russell. Alichukua ubingwa mara 11 katika misimu 13, na hakuna mchezaji mwingine katika ligi ile aliyefika hapo. Mwaka 1966 akawa mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu katika NBA. Na bado, katika mji mdogo alikoishi karibu na Boston, watu waliingia nyumbani mwake yeye na familia hawapo, wakaandika matusi ukutani, na kitandani wakaacha uchafu ambao mbele ya wazee hatuutaji. Jumapili wanampigia makofi, Jumatatu wanavunja mlango wake.

Sasa twende Lexington. Ni mwezi wa Oktoba 1961. Celtics wamekuja kucheza mchezo wa kirafiki na ekipe ya St. Louis Hawks. Mchezo ulipangwa kuwaheshimu wazungu wawili, Frank Ramsey wa Celtics na Cliff Hagan wa Hawks, kwa sababu wote wawili walikuwa wachezaji wa chuo kikuu cha Kentucky, watoto wa nyumbani. Wachezaji wanalala hoteli nzuri ya katikati ya mji. Wawili weusi, Sam Jones na Satch Sanders, wanashuka kula. Wanaambiwa: hatuwahudumii.

Wafikirie hawa watu. Ni mabingwa wa Amerika. Tiketi zinauzwa kwa jina lao, hoteli imewapa kitanda, lakini sahani ya chakula hapana.

Wakamwambia Russell. Kocha wao, Red Auerbach, akajaribu kuwatuliza. Hawakutulia. Weusi wote watano wa Celtics wakafunga mizigo, na weusi wawili wa Hawks vilevile. Auerbach mwenyewe akawasindikiza mpaka uwanja wa ndege, na wakaondoka.

Na mchezo? Mchezo ulichezwa. Wazungu wa ekipe zote mbili walibaki, wakavaa, wakacheza, watu wakapiga makofi. Komite yetu iliposoma habari hii, hapo njo tulisimama zaidi. Kwenye karatasi Celtics ilikuwa ekipe moja. Walioga pamoja, walisafiri pamoja, walishinda pamoja. Lakini siku sahani ilipokatazwa, ekipe ikagawanyika sawasawa na rangi. Kwa hiyo mtu asitudanganye kwamba kuchanganya vijana kwenye tereni kunatosha. Kuchezea pamoja ni rahisi. Njaa ya mwenzako inakuhusu ao haikuhusu? Hilo haliamuliwi kwenye tereni.

Chuo kile cha Kentucky nacho kiko na hadithi yake, tuipite mbio. Kocha wake alikuwa Adolph Rupp, tangu 1930 mpaka 1972, mwenye makombe manne ya taifa. Mwaka 1966 alifika fainali na wazungu watupu, akakutana na chuo kidogo cha Texas Western kutoka El Paso, ambacho kocha wake, Don Haskins, mzungu, alianza na weusi watano, na usiku ule hakuchezesha mwingine ila weusi. Wakashinda 72 kwa 65. Haskins alipokea barua nyingi za matusi kwa ajili ya kushinda! Kentucky hawakupata mchezaji mweusi katika ekipe yao ya basketi mpaka Tom Payne, aliyecheza msimu wa 1970-71.

Leo jumba la Lexington, lenye kuchukua watu zaidi ya 20,000, linaitwa Rupp Arena. Mwaka 2020 walimu wa chuo wa masomo ya Afrika na Waamerika weusi waliomba jina hilo liondolewe. Halikuondolewa.

Na mwaka 2022 nani alikuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, akivaa Kentucky, akicheza ndani ya jumba hilo? Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Riboundi 15 kwa kila mchezo. Wandugu zetu wa kule walijaza simu zetu na picha zake. Tulifurahi, na hatutaki mtu atuondolee furaha ile. Lakini sikilizeni na hili. Tangu Julai 2021 wanafunzi wachezaji waliruhusiwa kupata pesa kwa matangazo ya jina lao. Wenzake Wamarekani wakapata. Tshiebwe alikuwa na viza ya mwanafunzi, na viza ile haikumruhusu kufanya kazi kama hiyo ndani ya Marekani. Ekipe iliposafiri kwenda Bahamas kwa michezo, huko nje ya nchi njo alipoweza kupiga matangazo. Hapo si rangi, ni karatasi. Ninyi mliokaa kambini hamhitaji tuwaeleze maana ya karatasi.

Karatasi na rangi zinapenda kutembea pamoja. Bismack Biyombo, wa Lubumbashi vilevile, mwaka 2011 aliwashangaza Wamarekani mjini Portland, mashindano ya vijana: pointi 12, riboundi 11, bloki 10. Badala ya kuuliza alijifunza wapi, wengi waliuliza ana umri gani kweli. Mwafrika mrefu, basi amedanganya miaka. Alichaguliwa wa saba mwaka huo, lakini maneno yale yalimfuata. Tunasema kwa wazazi: watoto waliozaliwa Kigoma na bado hawajaandikwa kwa leta huku, waandikisheni. Katibu yuko na orodha. Shaka ya watu hatuwezi kuizuia, lakini tusiwape na kitu cha kushika.

Na hata karatasi ikiwa mkononi! Juni 2019, Oakland, Toronto Raptors walishinda ubingwa. Kiongozi wao, Masai Ujiri, baba Mnigeria, mama Mkenya, akaenda tereni kufurahi na vijana wake. Kitambulisho anacho. Polisi akamsukuma kifuani, mara mbili. Kiisha polisi yule akamshitaki Ujiri kwamba yeye njo aliyempiga. Mwaka uliofuata video ya kamera ya polisi mwenyewe ikatoka, watu wote wakaona nani alianza. Mashitaka yaliondolewa mwaka 2021. Bila video ile, tungeambiwa nini?

Sasa jambo la mwisho, ambalo komite inaliweka pembeni ya lile la 1961. Tarehe 23 Agosti 2020, mji wa Kenosha, jimbo la Wisconsin, polisi alimpiga mtu mweusi, Jacob Blake, risasi nyingi mgongoni. Milwaukee Bucks ni ekipe ya jimbo hilo. Siku tatu baadaye walikuwa na mchezo na Orlando Magic. Saa ya mchezo ikafika, Bucks hawakutoka chumbani. Weusi, weupe, wote. Magic walikuwa wameshatoka kupasha mwili. Wangeweza kupewa ushindi wa bure. Wakakataa, wakaondoka. Michezo mingine ya siku ile nayo ikasimama. Toka Lexington mpaka hapo ni miaka hamsini na tisa. Weusi walitukanwa 1961 na walipigwa risasi 2020, hilo halikubadilika vya kutosha. Kilichobadilika ni kwamba safari hii hakuna aliyebaki akacheza.

Kwa hiyo pendekezo la komite ni hili, na mnaweza kulikataa. Ekipe iwe moja, ya waliorudi na waliobaki, na jina lake lisiwe la shirika, liwe la mtaa. Mipira ibaki ya shirika, ikae kwa katibu kama sasa. Atakayemwita mwenzake "Mtanzania" ao "mtu wa pori" kwa kumdharau atakaa nje michezo miwili, hata akiwa mfungaji wetu mkubwa, hata akiwa mtoto wa mtu wa komite. Na tukienda kucheza kwingine, mmoja wetu akitukanwa na arbitri akakaa kimya, kapteni anaokota mpira, ekipe yote inatoka. Yote. Kama kombe litapotea, lipotee. Wafadhili wetu wajue mapema, wasije wakauliza kwa nini tulikwenda mpaka Baraka na kurudi bila kumaliza mchezo.

Mzee mmoja alituuliza juzi: na kama wale waliobaki hawatatoka pamoja nasi? Swali zuri. Hatuna ahadi yao yote. Tumeongea na wazazi wao mara mbili. Sita wamekubali na wako hapa nyuma, wasimameni muonekane. Aksanti. Wengine wanangoja kuona kura yetu.

Kura inapigwa sasa hivi, kabla ya chai. Kila memba aliyelipa mchango anachukua punje moja kwenye kila sahani, anaingia nyuma ya pazia, anatia moja ndani ya chungu: mhindi ni ekipe moja, haragwe ni ekipe mbili. Punje inayobaki itupwe kwenye kikapu, musitembee nayo mkononi. Watakaosoma kutoka mbali watakuta hesabu ya punje kwenye ukurasa wa nyuma.