Hotuba ya Siku ya Mtoto wa Afrika, Kata ya Daraja Mbili, Arusha



Tarehe 16 Juni huadhimishwa tangu mwaka 1991 kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika ya Kusini, waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kupinga kusomeshwa kwa Kiafrikana. Mwaka huo wa 1991 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto.

Baadaye ilitungwa Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Kifungu cha 6 kinampa mtoto haki ya jina na uraia, na kumpa mzazi au mlezi wajibu wa kuandikisha kuzaliwa kwake. Mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Aliye chini ya miaka 14 haruhusiwi kuajiriwa.

Ndugu wananchi, umri huo utathibitishwa na nini? Msichana aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani, au mvulana abebaye mizigo sokoni, tajiri wake akidai ametimiza miaka, atamjibu kwa lipi ikiwa hana cheti? Sheria inamlinda, lakini hana ushahidi kwamba yeye ndiye anayelindwa.

Kwa hiyo, wazazi wanaombwa kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao. Watumishi nao wanakumbushwa kwamba mzazi anayeambiwa "njoo kesho" mara tatu huenda asirudi tena. Ngoma na ngonjera za leo zitakwisha jioni. Cheti kitamfaa mtoto maisha yake yote.