Kakakuona: Je, Aweza Kumdhuru Mtu?



Wako watu wamwogopao kakakuona kwa ajili ya magamba yake. Hofu hiyo haina msingi. Mnyama huyu hana jino hata moja. Chakula chake ni sisimizi na mchwa, awanasao kwa ulimi mrefu wenye ute. Mwendo wake ni wa polepole, wala hawezi kumkimbia adui.

Kinga yake kubwa ni kujikunja kama mpira, akaficha kichwa na tumbo. Magamba yale ni ya asili moja na kucha zetu, lakini hata simba mara nyingi hushindwa kumfungua. Atiaye vidole katikati yake aweza kubanwa na kuumia, basi msimshike.

Ngao hiyo yamfaa mbele ya simba, bali mbele ya mwanadamu ndiyo imponzayo, kwa kuwa ajikunjapo huokotwa kama jiwe. Tena kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja. Kwa hiyo mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara yake kati ya nchi na nchi.

Mkimwona shambani, mwacheni apite, mkawaarifu askari wa wanyamapori. Hana vita na mtu.