Dakika 3 Kabla ya Kuondoka Dikoni



Tuna desturi ya kuwasha gari asubuhi na kuliacha liungurume uwanjani dakika 10, mwenyewe yuko ndani anakunywa chai. Na tuna desturi nyengine, ya madikoni: nahodha anavuta kamba ya mashine, mashine inaitika, na papo hapo anatia gia na kufungua mafuta mpaka mwisho. Mimi nasema tumeyageuza mambo. Gari tunalisubiri bila haja, na mashine ya boti, inayohitaji kusubiriwa, tunaikimbiza.

La gari nilimalize upesi. Kulipasha moto kulikuwa na sababu zama za kabureta. Land Rover na malori ya zamani yaliyokuwa yakibeba karafuu yalihitaji choki na subira, kwa kuwa petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya injini baridi. Ukiondoka mapema gari linakohoa, kisha linakuzimikia kwenye kilima. Lakini gari nyingi tunazoagiza leo kutoka Japani hazina kabureta. Zina kompyuta inayopima joto la injini na kupuliza petroli kwa kiasi chake, na oili inafika juu ya injini kwa sekunde chache tu. Nusu dakika inatosha. Baada ya hapo ondoka taratibu, usilikamue gari kilomita 1 au 2 za mwanzo. Injini hupata joto upesi zaidi ikiwa inatembea kuliko ikiwa imesimama.

Na baridi yenyewe Pemba iko wapi? Hata wakati wa kipupwe, ni nadra asubuhi zetu kushuka chini ya nyuzi 20. Wenzetu wa Njombe wana asubuhi ambazo umande unaganda, na ndugu zetu walioko Minnesota wanaamkia nyuzi 20 chini ya sifuri. Ujerumani, nchi yenye theluji, sheria ya barabarani inakataza kuacha injini ikiunguruma bila ya sababu. Gari la kawaida likisimama linaunguruma hula lita 1 hadi 2 kwa saa. Chukua hiyo lita 1: dakika 10 kila siku kwa mwezi mzima ni lita 5 za petroli zilizotoka na moshi. Na moshi huo una gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu ndani ya banda lililofungwa. Basi, gari liwasheni nje, mwondoke.

Sasa twende Kisiwa Panza.

Kwa asiyekijua, Kisiwa Panza kiko kusini mwa Pemba, Wilaya ya Mkoani, na njia yake ni bahari. Mwalimu, mama mjamzito, gunia la mchele, bati la kuezekea, vyote vinapita kwa chombo kati ya kisiwani na Chokocho. Gari utalipata ukishavuka. Kwa hiyo injini ambayo maisha ya watu yameiegemea ni ile mashine iliyofungwa nyuma ya boti.

Mashine nyingi za aina hii ni zile za kuchanganya oili ndani ya petroli. Hizi bado zina kabureta na zina choki. Yale ambayo gari za leo zimeyaacha nyuma, mashine zetu bado zinayo. Pistoni yake ni ya alumini, inashika moto haraka na kutanuka. Silinda inayoizunguka inapozwa na maji ya bahari, kwa hiyo inachelewa kupata joto. Ukifungua mafuta yote mashine ikiwa bado baridi, pistoni inatanuka ilhali silinda haijatanuka, na ile nafasi baina yao, nyembamba kama unywele, inakwisha. Chuma kinasuguana na chuma. Mashine haifi siku hiyo hiyo. Inakwaruzika kidogo leo, kidogo kesho, mpaka siku moja inakamata, kamba haivutiki tena. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine za aina hii vimeandika wazi: iache iungurume taratibu dakika kama 3 kabla ya kuondoka, usipofanya hivyo unafupisha umri wake.

Nahodha atanijibu: safari yenyewe fupi, dakika 3 za nini? Ufupi huo huo ndio unaoidhuru. Mashine inayokwenda mbali hupata joto lake na kukaa nalo. Inayovuka mara kwa mara, ikazimwa, ikapoa, ikawashwa tena, siku nzima inafanya kazi ikiwa baridi, na plagi zake zinajaa masizi.

Lakini joto ni nusu tu ya hoja yangu. Zile dakika 3 ni za kuikagua mashine boti ikiwa bado imefungwa dikoni. Tazameni nyuma ya mashine: kuna kitundu kinachorusha maji. Maji yakitoka kwa nguvu, pampu inafanya kazi. Yasipotoka, zima hapo hapo. Ndani ya pampu mna mapanga ya mpira yanayolainishwa na maji yenyewe. Yakizunguka makavu yanaungua kwa muda mfupi sana. Ndiyo maana mashine haiwashwi boti ikiwa imekaa juu ya mchanga. Na bamvua likitoka, maji yakakimbia mbali, msiwashe kwenye kina cha magoti, maana pampu inavuta tope pamoja na maji. Sukumeni kwa pondo mpaka pawe na kina, ndipo nahodha ashushe mashine.

Tazameni na tangi. Kifuniko chake kina tundu la hewa. Tundu likiwa limefungwa, mashine inawaka vizuri kabisa na kuondoka vizuri kabisa, kisha mafuta yanaacha kuvutika na inazimika katikati ya mkondo. Petroli yenye maji nayo ina tabia hiyo hiyo. Gari likizimika njia ya Mkoani, abiria wanashuka wanasukuma, au wanapanda gari nyengine. Boti ikizimika wakati wa kusi, na upepo na mkondo vinasukuma kaskazini, hakuna wa kushuka. Mkosi wa namna hii afadhali ukupate ungali unagusa nguzo.

Abiria nao wana lawama. Nahodha akitulia kidogo tu, wanaanza: "Nahodha, twende bwana, tunachelewa gari!" Mwenye haraka ya skuli, mwenye haraka ya hospitali, mwenye samaki anayeogopa jua, wote nawaelewa. Lakini kelele hizo ndizo zinazomfanya kijana wa miaka 20 atie gia kabla hajatazama kama maji yanatoka. Kumharakisha mtu aliyeshika usukani wa watu 15 ni kosa, na wazee wetu mnaokaa mbele ya boti mna nafasi ya kulikemea.

Ombi langu kwa manahodha wa Kisiwa Panza na wa Makoongwe jirani yake: fungueni tundu la tangi, minyeni kipira cha mafuta mpaka kiwe kigumu, washeni, tazameni maji, kisha ipeni mashine dakika zake 3 wakati abiria wanavaa majaketi ya kuokolea. Na wewe abiria, ukipanda, tupa jicho kwenye kile kitundu. Usipoona maji yakitoka, mwambie nahodha azime, na usione haya.