Waliokesha Tukalala

Leo tungependa mfungue pamoja nasi Zaburi ya 121. Ni zaburi ya wasafiri. Tulikuwa tumeisoma mara nyingi, lakini tulianza kuielewa usiku mmoja wa mwaka 1984, ndani ya gari la moshi lililotutoa Eldoret kwenda Nairobi.

Wazee watalikumbuka gari lile. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na baadaye ikaendelea hadi Uganda. Katika miaka ile ya themanini treni ya abiria ilitoka Malaba alasiri, ikafika kwetu usiku, na asubuhi ikaingia Nairobi. Chumba cha daraja la pili kilikuwa na vitanda vinne, viwili chini na viwili juu. Wanaume walilala katika vyumba vyao na wanawake katika vyao, isipokuwa mtu awe na fedha za kukodi chumba kizima. Sisi tulikuwa na fedha za vitanda viwili tu.

Mtoto wetu alikuwa na miezi minne. Alizaliwa na nyayo zilizopinda, na tuliambiwa tumpeleke Nairobi kwa matibabu. Basi tukaagana mlangoni mwa behewa. Mama akaingia na mtoto, kikapu cha nepi na chupa ya chai. Baba akaenda kwa wanaume.

Chumbani mle mlikuwa na bibi mmoja mzee kutoka upande wa Bungoma, na msichana mwanafunzi. Mtoto alilia tangu gari lilipong'oka. Alinyonya, akalia, akabadilishwa nepi, akalia. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda cha chini akimpakata, maana aliogopa kulala naye pale. Kitanda kilikuwa chembamba na gari likiyumba kila kona. Siku nyingi alikuwa hajapata usingizi.

Yule bibi akasema, "Binti yangu, nipe mjukuu nimshike. Ukisinzia hapo mtaanguka nyote wawili."

Mama akajibu, "Asante, nyanya, bado nina nguvu."

Haikuwa kweli. Hakuwa na nguvu; alikuwa na hofu. Sote wawili tulikuwa tumeonywa nyumbani kwamba safarini usimpe mgeni mtoto. Bibi hakukasirika. Alisema tu, "Haya. Basi nitakaa macho pamoja nawe." Akajifunga leso mabegani, akakaa.

Gari likaendelea kupanda. Stesheni ya Timboroa iko zaidi ya futi 9,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku pale hupenya blanketi. Baba hakuweza kuvumilia. Akapita ujiani kutafuta chumba cha akina mama, lakini gadi akamrudisha kwa upole: "Nenda ukalale, mzee. Huko wamelala. Sisi tuko macho." Akarudi, akajilaza, na kwa aibu yake mwenyewe akapatwa na usingizi.

Mama naye, baada ya Timboroa, alishtuka mtoto akimteleza mapajani. Bibi alikuwa bado macho, mikono ameinyosha tayari. Safari hii mama hakusema neno. Alimpa mtoto, akalala.

Alipofungua macho kulikuwa kumekucha, na gari limekwisha kupita Naivasha. Kitanda cha bibi kilikuwa kitupu. Moyo ulimwenda mbio. Lakini mtoto alikuwa mikononi mwa yule msichana, amelala fofofo, nepi kavu, amezungushiwa sweta kubwa la mtu mzima. Msichana akasema, "Nyanya aliteremka Nakuru usiku. Alinipa mtoto, akaniambia nisikuamshe."

Aliteremka kwenye baridi ya usiku bila sweta lake. Hatukumshukuru. Hata jina lake hatukuuliza.

Ndugu wasikilizaji, zaburi ile inamsifu Mungu kuwa mlinzi ambaye usingizi haumshindi. Inataja hata mguu wa msafiri. Na sisi tulikuwa tumebeba miguu midogo iliyopinda. Tulipotoka nyumbani tuliomba ulinzi wake. Ulinzi ulipokuja ukiwa mkono wa mwanamke mzee, tulijibu kwamba bado tuna nguvu. Je, wewe hujafanya hivyo? Tunamwomba Mungu msaada, kisha tunaukataa kwa sababu aliyeuleta ni mtu tusiyemjua.

Tena tazama zamu zilivyopokezana. Dereva alikesha, gadi akakesha, bibi akakesha, akateremka, na msichana akaipokea zamu yake. Hakuna hata mmoja aliyeifanya kazi yote. Kila mmoja alishika sehemu yake, akamwachia mwenziwe.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima. Anatembea kwa miguu yake iliyonyooka. Deni letu kwa bibi yule hatuna njia ya kumlipa mwenyewe. Tunaweza kulilipa kwa wengine tu. Kanisani mwako yuko mama aliyejifungua juzi ambaye hajalala. Kuna nyumba yenye mgonjwa, na anayemwuguza amechoka. Usimwambie tu kwamba utamwombea. Nenda ukakae naye. Akikataa mara ya kwanza, usikasirike. Kaa macho pamoja naye mpaka atakapokuamini.

Tuombe. Ee Baba, asante kwa waliokesha sisi tukalala. Wabariki wale tusioyajua majina yao, maana wewe unayajua. Tupe unyenyekevu wa kupokea, na utuamshe zamu yetu itakapofika. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.