Nani Alipie Barabara za Mitaa?



Kila mji una barabara za aina mbili. Ziko barabara kuu, ambazo viongozi huzizindua na malori huzipita usiku na mchana. Na ziko barabara za mitaa, ambazo hazizinduliwi na mtu. Lakini ni katika hizo za pili ambamo mgonjwa huanzia safari yake ya kwenda hospitali, na ni humo ambamo gari la zimamoto hupita au hushindwa kupita. Masika yakiingia Dar es Salaam, mitaa mingi hugeuka mifereji, na kifusi kilichomwagwa na wakazi wakati wa kiangazi huishia Msimbazi. Barabara hizo zikijengwa upya, nani abebe gharama?

Wako wanaojibu upesi kwamba Serikali ilipe. Jibu hilo ni sahihi na halisaidii kitu, kwa sababu Serikali haina fedha isiyotoka mfukoni mwa mtu. La kuuliza ni mfuko wa nani, na kwa kipimo gani.

Tegemeo kubwa la matengenezo ya barabara nchini ni tozo ya mafuta inayoingia katika Mfuko wa Barabara. Mwaka 2017 ulianzishwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, na mwaka 2021 tozo hiyo ikaongezwa shilingi 100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara hizo. Tozo ya mafuta ina wema wake: ni rahisi kuikusanya na ni vigumu kuikwepa. Lakini isidhaniwe kwamba hulipwa na wenye magari peke yao. Abiria wa daladala huilipa ndani ya nauli, na mama lishe huilipa ndani ya bei ya viazi vilivyoletwa kwa lori kutoka Njombe. Mkulima wa viazi hivyo naye huilipa. Ni haki achangie barabara kuu, maana mazao yake hupita humo. Je, ni haki achangie pia lami ya kichochoro cha Mikocheni kisichofika popote ila kwenye mageti ya watu sita?

Njia ya pili ni mkopo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 300 kwa mradi wa kuendeleza Jiji la Dar es Salaam, na mitaa mingi ya Temeke, Ilala na Kinondoni ikapata lami, mitaro na taa. Hakuna anayeweza kubeza kazi hiyo. Hata hivyo mkopo huamua lini fedha itapatikana tu. Hauamui nani atailipa. Ukinyamaza juu ya jambo hilo, mlipaji ni taifa zima, pamoja na vijiji ambavyo havijaona hata greda.

Somo hili si jipya. Mwaka 1974 ulianza mradi wa viwanja na huduma, uliofadhiliwa na Benki hiyo hiyo, ambao ulizaa Sinza na kuboresha Manzese. Wenye viwanja walitakiwa kurudisha gharama kidogo kidogo kwa kodi ya ardhi na ada ya huduma. Makusanyo yakawa hafifu. Wengi husema watu walikataa kulipa, lakini hiyo ni nusu ya habari. Mabaraza ya miji yalikuwa yamevunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, nayo hayakurudishwa mpaka 1978. Kwa hiyo chombo ambacho kingemdai mwananchi, na ambacho mwananchi naye angekidai matengenezo, hakikuwapo. Linganisheni na Hanna Nassif katika miaka ya 1990. Huko wakazi walichangia, wakafanya kazi ya kuchimba na kujenga mitaro kwa ujira, na kamati yao ikajua kila mfuko wa saruji ulikokwenda. Mtu hulipa kwa urahisi zaidi anapoiona fedha yake ikigeuka mtaro mlangoni kwake. (Msaragambo mtupu ni habari nyingine: jembe na koleo huzibua mfereji, lakini hazimwagi lami.)

Katika miji mingi ya Marekani mwenye kiwanja hutozwa sehemu ya gharama, mara nyingi kwa urefu wa kiwanja chake kando ya barabara. Kipimo hicho kina kasoro, kwani mwenye kiwanja cha pembeni huweza kudaiwa mara mbili. Lakini msingi wake ni wa haki: barabara ikijengwa, thamani ya ardhi hupanda, na aliyepandishiwa thamani bila kutoa jasho anastahili kurudisha kitu. Kodi ya majengo ingeweza kufanya kazi hiyo. Bahati mbaya, ilipoanza kukatwa kupitia umeme wa luku mwaka 2021, iliwekwa kiwango kimoja kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa: shilingi 1,000 kwa mwezi, ikapandishwa kuwa 1,500 mwaka 2023. Nyumba ya vyumba sita vya kupangisha Manzese na jumba la Masaki lenye bustani ya nusu ekari zikawekwa katika mizani moja. Huo ni wepesi wa kukusanya, wala si usawa.

Mgawanyo unaofaa ni huu. Mitaro mikubwa na makalavati yalipwe na mji mzima, maana maji yanayomfurikia mtu wa bondeni yametoka kwenye mapaa ya walio mlimani. Tabaka la lami lichangiwe na viwanja vinavyoguswa, kwa ukubwa na thamani ya ardhi, kwa awamu za miaka kadhaa. Na mjane au mzee asiye na kipato asubiriwe mpaka kiwanja kitakapouzwa.

Linabaki jambo gumu kuliko yote, nalo ni mpangaji. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Lami ikifika mtaani leo, mwenye nyumba yuko huru kupandisha pango kesho, na mchango wake akausukuma wote kwa aliyelala chumba cha uani. Kwa hiyo mkataba wa kila mtaa, kabla kokoto ya kwanza haijamwagwa, uandikwe ni kwa miaka mingapi pango halitapandishwa kwa sababu ya barabara hiyo, na nakala yake ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, mahali ambapo wapangaji wataweza kuisoma.