Tupime Kabla ya Kuchanga
(Maelezo ya fundi umeme katika mkutano wa wakazi wa kata)



Katika nyanda hizi kavu maji yetu hutoka chini ya ardhi. Jiji la Dodoma lenyewe limetegemea kwa miaka mingi visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Vijijini nako pampu ikizimika mara kwa mara, husemwa mota imekufa, na michango huanza. Naomba tupime kwanza.

Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta, kwa muda mfupi, mkondo wa mara tano hadi saba ya ule wa kawaida. Mota ya ampea 10 yaweza kuvuta 60. Mita ya kawaida ya mkononi huchelewa. Kilele hicho hupita bila kuonekana.

Ili kukiona, fundi huupitisha mkondo katika rezista ndogo yenye ukinzani unaojulikana, tuseme sehemu moja ya elfu ya omu. Zikipita ampea 60, kati ya ncha zake hupatikana milivolti 60. Chombo cha kuchora mawimbi ya umeme huonyesha kila badiliko. Mkondo ukipanda kisha ukashuka, mota inazunguka. Yakaguliwe maungio na swichi ya kinga. Usiposhuka, huenda mchanga umeikwamisha pampu.

Penye pampu ya sola pana jambo la ziada. Inveta hukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Rezista ya waya uliozungushwa huzalisha volti yake yenyewe kila mkondo unapobadilika ghafla, nasi tukaihesabu kuwa mkondo. Kwa hiyo hutumika bamba lililokunjwa, mkondo uende na kurudi ubavu kwa ubavu. Nyaya za kusomea ziwe fupi, zisokotwe pamoja, na zishike kwenye rezista yenyewe, si kwenye maungio ya nyaya kubwa.

Kazi hii ni ya fundi aliyesomea. Yetu sisi ni mawili. Kamati ya maji idai kipimo cha kuwasha siku pampu inapofungwa, kikaandikwe daftarini ili mwakani tulinganishe. Na fyuzi ikikatika, asithubutu mtu kuweka waya mnene badala yake: waya huo hautakatika, itaungua mota.