Hoki ya Uhindi: Jinsi Timu Iliyoanguka Ilivyosimama Tena

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa robo mwaka)



Bwana Katibu aliponiandikia barua kunitaka niseme machache juu ya michezo, nilisita kidogo kabla ya kumjibu. Sote twajua ya kuwa timu yetu ya hoki imeshindwa karibu msimu mzima, na ya kuwa katika mkutano mkuu ujao litaletwa shauri la kumwondoa mwalimu wa timu. Leo sikuja kumtetea mwalimu, wala sikuja kumshitaki. Nimekuja kuwasimulia habari za timu nyingine, kubwa kuliko yetu, ambayo ilianguka hata chini kabisa kisha ikainuka, ili siku ya kupiga kura tuwe tumekwisha kufikiri ni jambo gani hasa linaloinua timu.

Timu hiyo ni ya wanaume wa Uhindi. Nasi wa Afrika ya Mashariki si wageni wa habari zao. Mwaka 1947 Dhyan Chand, askari aliyekuwa kapteni wa Uhindi katika Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, alikuja kucheza katika nchi zetu hizi, naye umri wake umekwisha pita miaka 40. Tena mwaka 1980 timu ya Tanzania ilikutana na Uhindi katika Olimpiki ya Moscow, ikafungwa mabao 18 bila kupata hata moja. Siyataji haya kwa kuwacheka ndugu zetu waliocheza siku ile, maana kufika pale ni heshima ambayo wengi hawaipati. Nayataja ili mjue ukubwa wa wale ninaotaka kuwaeleza.

Basi Uhindi walishinda nishani ya dhahabu ya Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1928, kule Amsterdam. Baada ya hapo wakashinda tena na tena, na ushindi wa Moscow ukatimiza nishani za dhahabu 8. Katika Berlin waliwafunga Wajerumani, wenyeji wa michezo, mabao 8 kwa 1. Ilikuwa kana kwamba mchezo huu ni mali yao.

Lakini wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1976, katika Montreal, hoki ya Olimpiki ilichezwa mara ya kwanza juu ya nyasi za bandia. Mpira ulikwenda mbio zaidi, na mchezo ukataka pumzi na nguvu nyingi kuliko zamani. Vijana wa Uhindi walikuwa wamelelewa juu ya nyasi za kweli na viwanja vya udongo, na mwaka ule wakawa wa saba. Mataifa mengine yalitandika viwanja vipya na kuwafundisha watoto wao upya. Uhindi, nchi kubwa kama ile, ilikwenda polepole sana katika jambo hili. Walipata dhahabu ya Moscow mwaka 1980, wakati mataifa mengi yalipokataa kwenda, kisha wakakaa miaka 41 bila nishani ya Olimpiki ya namna yoyote.

Mwezi wa Machi mwaka 2008, katika mji wa Santiago nchini Chile, walifungwa na Uingereza mabao 2 bila kitu, wakakosa nafasi ya kwenda Beijing. Tangu mwaka 1928 ilikuwa mara ya kwanza Olimpiki kuchezwa na Uhindi wasiwemo katika hoki. Mwalimu akajiuzulu. Mwezi uliofuata, chama chao cha hoki kilisimamishwa na Chama cha Olimpiki cha Uhindi, baada ya shutuma za rushwa kuingia katika ofisi yake. Mwaka 2009 kikaundwa chama kipya, kiitwacho Hockey India.

Hapa, mabwana, mtu angedhani ya kuwa taabu imekwisha, kwa kuwa ofisi ni mpya na mwalimu ni mpya. Haikuwa hivyo. Mwezi wa Januari mwaka 2010, wiki chache tu kabla ya Kombe la Dunia ambalo lingechezwa katika mji wao wenyewe wa Delhi, wachezaji waliokuwa kambini Pune waliweka magongo chini wakakataa kufanya mazoezi, kwa sababu hawakulipwa haki zao. Katika kombe lile wakawa wa nane. Mwaka 2012 walikwenda London, wakacheza michezo 6, wakafungwa yote 6, wakawa wa mwisho kati ya timu 12. Nadhani hakuna mtu katika chumba hiki ambaye timu yake imepata aibu ya kulingana na hiyo.

Basi wakafanya nini? Kwanza walifanya lile ambalo watu wote hulifanya, yaani walibadili walimu. Michael Nobbs wa Australia aliondoka mwaka 2013. Terry Walsh, naye wa Australia, akaja, na mwaka 2014 timu ikashinda dhahabu katika Michezo ya Asia. Wiki chache baadaye akaondoka kwa kutopatana na wakubwa. Paul van Ass wa Uholanzi alikaa miezi michache tu katika mwaka 2015. Roelant Oltmans akashika kazi mpaka mwaka 2017, kisha Sjoerd Marijne mpaka mwaka 2018, kisha Harendra Singh, mwenyeji, ambaye aliondolewa mwanzo wa mwaka 2019. Hesabuni wenyewe: katika miaka sita hivi, watu sita wameketi katika kiti kimoja.

Nawaomba mwangalie habari za huyo Marijne. Alipotolewa katika timu ya wanaume alirudishwa kufundisha timu ya wanawake wa Uhindi. Katika Olimpiki ya Tokyo wanawake wale waliwatoa Australia kwa bao 1 bila, wakafika nusu ya mwisho kwa mara ya kwanza katika historia yao, wakawa wa nne. Mtu aliyeonekana hafai mahali pamoja alifaa sana mahali pengine. Kama angepimwa kwa ile kazi ya kwanza peke yake, tungesema hajui kitu.

Walakini, wakati macho ya watu yalipokuwa yakitazama kiti cha mwalimu, mambo mengine yalikuwa yakitengenezwa kimya kimya, nayo ndiyo yaliyoinua timu. Nitayataja manne.

La kwanza ni vijana. Mwaka 2016, katika mji wa Lucknow, timu ya vijana ya Uhindi chini ya Harendra Singh ilishinda Kombe la Dunia la Vijana, kwa kuwafunga Ubelgiji mabao 2 kwa 1. Vijana wale hawakutawanywa. Harmanpreet Singh, Simranjeet Singh na wenzao kadhaa waliendelea kulelewa pamoja mpaka wakawa watu wa timu ya wakubwa.

La pili ni fedha yenye mwenyewe. Mwezi wa Februari mwaka 2018 serikali ya jimbo la Odisha, ambalo Waziri wake Mkuu wakati ule alikuwa Naveen Patnaik, ilipatana na Hockey India kuzitunza timu za taifa, ya wanaume na ya wanawake, kwa miaka mitano. Odisha si jimbo la kitajiri kati ya majimbo ya Uhindi, lakini lina wilaya ya Sundargarh, ambako watoto hucheza hoki vijijini tangu utoto. Ahadi ile ilikuwa ya miaka mitano, wala haikuwa ya shangwe za siku moja, na ofisi ikaweza kupanga kazi yake mbele.

La tatu ni muda na utulivu. Mwezi wa Aprili mwaka 2019 alichaguliwa Graham Reid, Mwaustralia ambaye mwenyewe alipata nishani ya fedha kwa nchi yake katika Barcelona mwaka 1992. Ugonjwa wa korona ulipofunga dunia mwaka 2020, wachezaji walikaa miezi mingi pamoja kambini Bengaluru, mbali na jamaa zao. Ilikuwa taabu, lakini walitoka wakijuana vema zaidi.

La nne ni riziki. Wengi wa wachezaji wale wana kazi ya mshahara, katika reli, polisi, jeshi na mashirika ya umma. Golikipa wao, P. R. Sreejesh, alikuwa mtumishi katika idara ya elimu ya jimbo la Kerala, yaani ni mwenzetu kabisa. Mtu ambaye watoto wake wamekula huweza kusimama golini bila ya mawazo mawili.

Sasa na tuone kazi hiyo ilivyojaribiwa. Katika Tokyo, mwezi wa Julai mwaka 2021, Uhindi walishinda mchezo wa kwanza. Katika wa pili Australia wakawafunga mabao 7 kwa 1. Fikirini kelele zilizokuwako! Lakini mwalimu alibaki mahali pake, wala mchezaji hakufukuzwa. Mchezo uliofuata waliwafunga Hispania mabao 3 bila kitu, kisha Argentina, kisha Japani, kisha Uingereza. Ubelgiji wakawazuia katika nusu ya mwisho. Tarehe 5 Agosti wakakutana na Wajerumani kugombea nishani ya shaba. Wajerumani walikuwa mbele kwa mabao 3 kwa 1. Katika muda wa dakika kama saba tu, Uhindi wakafunga mabao manne, yakawa 5 kwa 3. Wajerumani wakapata moja tena, na zilipobaki sekunde chache wakapewa kona ya adhabu. Sreejesh akauzuia mpira ule. Ikawa 5 kwa 4, na ile miaka 41 ikaishia hapo. Mtumishi yule wa idara ya elimu akapanda akaketi juu ya goli lake, kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka safari ndefu.

Pengine mtu ataniambia, "Bwana, huyo Reid ndiye aliyeleta yote hayo." Namheshimu sana, lakini sikilizeni mwisho wake. Mwezi wa Januari mwaka 2023 Kombe la Dunia lilichezwa Odisha kwenyewe, na Uhindi hawakufika hata robo ya mwisho. Reid akajiuzulu. Kama timu ingesimama juu ya mtu mmoja, ingeanguka siku ile. Alikuja Craig Fulton wa Afrika ya Kusini, akakuta vijana waliolelewa, fedha iliyopangwa na kazi iliyo katika mwendo wake. Mwaka ule ule walishinda dhahabu ya Asia katika Hangzhou. Mwaka 2024, katika Paris, walicheza na Uingereza sehemu kubwa ya mchezo wakiwa watu kumi tu, wakashinda kwa mapigo ya mwisho. Kisha tarehe 8 Agosti wakawafunga Hispania mabao 2 kwa 1, wakachukua shaba mara ya pili mfululizo. Tangu miaka ya 1968 na 1972 hawakuwa wamepata nishani katika Olimpiki mbili zinazofuatana. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ndugu wanachama, sasa narudi kwetu, na hapa lazima nijitaje mwenyewe. Wengi wenu mwakumbuka ya kuwa zamani nilikuwa katibu wa michezo wa chama hiki. Msimu mmoja nauli za wachezaji za wiki sita zilikaa mezani kwangu, kwa sababu sikuandika hati ya malipo. Fedha ilikuwako, hati ndiyo haikuwako. Wachezaji wanne waliokaa mbali wakaacha kuja mazoezini, na timu ikashindwa. Katika mkutano mkuu nilisimama nikasema ya kuwa vijana hawana moyo na mwalimu hana amri. Wanachama walinipigia makofi, na mwalimu akaondolewa. Hakuna aliyeniuliza habari za hati, nami sikusema. Yule bwana aliondoka na lawama yangu mgongoni mwake, na mpaka leo nikikutana naye njiani hunisalimu kwa adabu, nami huona haya.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Kabla ya kura kupigwa, Halmashauri na ichague wanachama watatu waangalie daftari na majalada ya michezo: kama nauli zimelipwa kwa siku zake, kama magongo na mipira imenunuliwa, kama mazoezi yameandikwa, na kama mwalimu huyu amepewa msimu mmoja kamili wenye vitu vyote hivyo. Na waanze na miaka yangu mimi. Wakikuta ya kuwa kila kitu kimefanywa sawa na kosa ni la mwalimu, basi na aondoke kwa haki, nami nitanyosha mkono pamoja nanyi. Lakini wakikuta hati zimelala katika meza ya mtu, tusimtoe mwalimu kuwa sadaka ya uvivu wetu sisi makarani.

Kazi yetu ya kila siku ni kuandika, kuhesabu na kutunza. Watu huidhani kuwa kazi ndogo, isiyo na makofi. Mimi naamini ya kuwa mabao mengi hufungwa, na mengi hukosekana, katika meza zetu kabla mpira haujatiwa kiwanjani.